Unga Juu ya Spika

Remera, Kigali
9 Februari 2023

Shikamoo Baba Mdogo,

Mimi mzima, na ile ofisi ya Kiyovu wameniongezea mkataba. Mama naye hajambo huko Busanza, goti tu ndilo linamsumbua mvua zikikaribia. Anauliza kama bado unakunywa chai bila sukari au umerudia makosa. Na masikio je? Nilikupigia simu Jumapili ukawa unaitikia "eeh, eeh" kwa kila kitu, hata nilipokuuliza umekula nini. Ndipo nikajua tumerudi kwenye karatasi.

Nina jambo ambalo siwezi kumuuliza mtu mwingine. Nimenunua gita la besi la nyuzi tano. Ule uzi wa tano, mnene, unashuka chini kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga. Tatizo ni kwamba spika ya kanisani haiuwezi. Nikiupiga unasikia kishindo tu, noti yenyewe haimo. Na mwezi wa nane kwaya yetu inazindua nyimbo mpya, na wimbo wa kwanza nimeutunga mimi. Unaanza na uzi huo peke yake, mapigo matatu, ndipo kwaya inaingia. Hawajawahi kunipa wimbo. Hawajawahi pia kumpa mwanamke besi, na wapo wanaokaa viti vya nyuma kusubiri kuona.

Madukani nimekuta maboksi ya spika nne za inchi kumi, ya mbili za inchi kumi na mbili, na ya spika moja kubwa ya kumi na tano. Arthur, kiongozi wa bendi yetu, anasema nichukue lile la nne lenye wati nyingi, tumalize. Lakini wewe ulitengeneza maboksi ya bendi za Bukoba kabla sijazaliwa. Nichukue lipi?

Mwanao,
Mukunde


Kayanga, Karagwe
27 Februari 2023

Mwanangu Mukunde,

Marahaba. Mwambie mama yako sukari nimeacha, ila asiulize habari za asali. Mgongo unauma nikiinama na hauumi nikinyooka, kwa hiyo nanyooka. Sikio la kushoto lilishaondoka na mashine ya kupasulia mbao, la kulia linasikia nusu. Karatasi ni nzuri, haikatiki katikati ya maneno.

Huyo Arthur wako anataka kelele. Spika nne za inchi kumi zitampiga mtu kifuani, sikatai, lakini wingi wa spika unaongeza ukubwa wa sauti, hauongezi kina chake. Na wati zinakuambia spika itavumilia nini kabla ya kuungua, hazikuambii inashuka mpaka wapi. Noti ya chini kabisa inataka spika ambayo karatasi yake inakwenda mbele na nyuma kwa ulaini, boksi lenye hewa nyingi ndani, na tundu la kupumulia lenye bomba ndani, lililokatwa kwa urefu wake. Ukikosea moja, hayo mengine hayakusaidii.

Usinunue boksi. Nitakutengenezea mimi. Ninazo plaiwudi nene nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kabati langu la nguo, kabati litasubiri. Wewe nunua spika tu, huko Kigali zipo. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii: inchi kumi na tano, ukingo wa mpira laini, ukiibonyeza kwa vidole inazama bila ubishi, sumaku nzito, matundu manane ya bolti. Jina lake na namba nimeandika. Mtu wa vipaza sauti wa parokia yetu anayo kama hiyo, ataniazima nipimie.

Najua unajiuliza nitapimaje na masikio haya. Kwa unga, kama tulivyofanya siku zote. Boksi unalilaza chali, spika inatazama juu, unanyunyizia unga wa mahindi kidogo. Unapitisha sauti ukishuka nayo polepole. Unga unaruka, unaruka, halafu mahali fulani unatulia, na hapohapo upepo unatoka kwenye tundu. Hapo ni boksi linaimba, spika imepumzika. Nitalikata tundu kidogokidogo mpaka unga utulie kwenye uzi wako wa tano. Macho bado ninayo.

Nunua hiyohiyo, Mukunde. Usinunue inayofanana nayo.

Baba yako mdogo,
Benon fundi


Remera, Kigali
16 Aprili 2023

Shikamoo Baba Mdogo,

Tuko salama. Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari imepita na mazoezi yameanza tena. Mama amefurahi kusikia habari za asali, anasema wewe ni mtoto mwenye mvi.

Spika nimeinunua jana mjini, Arthur alinisindikiza. Ni inchi kumi na tano, kama ulivyoagiza, ileile ya kwenye mchoro wako. Nimeiweka chini ya kitanda ndani ya katoni yake. Kwa hiyo wewe endelea na boksi bila wasiwasi.

Ule wimbo nao unakua vizuri. Wakiimba ile sehemu ya kwanza nasikia baridi mikononi. Asante kwa plaiwudi, ingawa sijui nguo zako zitakaa wapi.

Mwanao,
Mukunde


Kayanga
20 Juni 2023

Mwanangu Mukunde,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Mimi sijambo, tena leo sijambo zaidi ya siku nyingine, maana boksi limekwisha.

Linakuja na lori la maharage, dereva anakufahamu kwa jina. Pembe zote nimeziunganisha kwa meno yanayoingiana, gundi imekaa siku nne, ndani nimetandika blanketi langu la zamani lisitoe mwangwi. Mdomo wa spika una mpira wa kuzuia hewa, na nati nane nimezizamisha kwenye mbao kufuata vipimo vya ile spika. Bolti zako zitaingia zenyewe. Zikikataa, usilazimishe, niandikie.

Unga umetulia, mwanangu. Nilikata tundu mara tano. Mara ya tano ukatulia, nikaweka kiganja ubavuni mwa boksi na noti ikapanda mkononi mpaka kwenye taya. Ni miaka sita sijasikia noti ya chini. Nilikaa pale nikaifurahia mwenyewe, na mtu wa vipaza sauti akanisubiri bila kunidai spika yake.

Padri alipita akaliona, akanipa kazi ya mimbari mpya ya kanisa. Nitaianza baada ya mavuno.

Fanya jaribio la unga kabla ya siku yenyewe. Safari ya lori ni ndefu na mbao nazo huchoka.

Baba yako mdogo,
Benon fundi


Remera, Kigali
30 Agosti 2023

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili. Kanisa lilijaa mpaka nje. Nikapiga pigo la kwanza, likatoka kama karatasi nene inayopasuliwa. La pili likakoroma. Wale wa viti vya nyuma wakacheka, Baba Mdogo, nikawasikia. La tatu sikulipiga. Arthur akaashiria kinanda kichukue, na wimbo wangu ukaendelea bila mimi, nimesimama na gita shingoni.

Baadaye akaniuliza mbele ya bendi nzima, "Mukunde, hii boksi ulitoa wapi?" Nikasema imetoka kwa baba yangu mdogo. Akasema, "Basi muzee alikosea, si kosa yako."

Boksi halikushuka. Labda tundu ni fupi, labda gundi iliachia njiani. Labda ni masikio, na si kosa lako, miaka imekwenda. Sikulaumu. Nilitaka tu ujue.

Mwanao,
Mukunde


Kayanga
24 Septemba 2023

Mwanangu Mukunde,

Barua nimeipata na nimeisoma mara tatu.

Pole sana. Kukuaibisha mbele ya watu ni jambo ambalo sikulitaka. Nimerudia kila kipimo kichwani na sioni nilipokosea, na hilo ndilo linalonitisha. Fundi akikosea akaona kosa lake, bado ni fundi. Mimi niliuona unga umetulia. Kama niliona kisichokuwepo, basi macho nayo yameungana na masikio.

Kazi ya mimbari nimemrudishia padri kabla sijaharibu mbao za watu. Randa, patasi na meza ya kazi nimempa Munyakazi, yule fundi wa jirani, yeye bado ana familia changa. Usijisikie vibaya. Afadhali nimejua kupitia kwako kuliko kupitia mtu baki.

Msalimie mama yako.

Baba yako mdogo,
Benon


Remera, Kigali
18 Desemba 2023

Shikamoo Baba Mdogo,

Ni muda sijaandika, kazi zimenibana. Noeli ndiyo hii, nakutumia sweta, soksi, na majani ya chai ya Rwanda. Mama anakutakia heri. Kwaya inaendelea, wamenunua boksi jingine la dukani.

Nisamehe kwa ufupi.

Mwanao,
Mukunde


Kayanga
21 Januari 2024

Mwanangu Mukunde,

Sweta linanitosha, ahsante. Soksi ni kubwa lakini nitakua. Kule karakana nimempangisha mtu wa mbolea, kwa hiyo siku hizi nakaa mbele ya nyumba nikiota jua.

Lile boksi, kama linakubana chumbani, lipasue. Plaiwudi ile ni nzuri, itatoa meza ndogo. Ila wasipasulie nyundo, wafungue kwa msumeno.

Baba yako mdogo,
Benon


Remera, Kigali
11 Agosti 2024

Shikamoo Baba Mdogo,

Safari hii sitaulizia afya yako kwanza, kwa sababu Mama ameniambia. Alirudi kutoka harusi ya huko mwezi uliopita, akavua viatu, akaketi, akasema jirani alikuletea kigoda mguu umelegea, kazi ya dakika kumi, nawe ukamwambia hujui mbao. Kisha akaniuliza, "Mukunde, ulimwambia nini shemeji yangu?" Nikatoka kuanua nguo. Nakujibu wewe.

Nilikudanganya. Spika niliyonunua siyo ile uliyonichorea.

Na usiseme labda haikuwepo. Ilikuwepo, rafu ya chini, nyeusi, vumbi juu yake. Nilikuwa na karatasi yako mfukoni. Muuzaji akawasha nyingine yenye ukingo wa fedha, wati elfu moja, ikatikisa duka zima. Arthur akaniambia, "Chukua hii, hiyo ingine iko ya wazee." Nikaibonyeza kwa vidole kama ulivyonifundisha, ikagoma, ngumu kama ubao. Nilijua. Lakini niliona haya kumwambia Arthur kwamba nachagua spika kwa barua ya mzee wa Kayanga asiyesikia simu. Kesho yake nikakuandikia "ileile". Nilidhani spika ni spika na hutajua.

Boksi lilipofika, bolti zilikataa. Ulisema zikikataa nikuandikie. Ningekuandikia nini? Nilitoboa matundu mapya nane mwenyewe, yakaenda upande, na spika haikukaa vizuri kwenye mpira, hewa ikawa inavuja. Jaribio la unga sikulifanya, kwa sababu niliogopa litasema nini.

Ngoja nimalize, maana kuna baya zaidi. Nimelijua hili kwa hakika tangu Oktoba ya mwaka jana. Nilipeleka boksi kwa Silvère, anatengeneza vyombo vya muziki hapa Gisimenti nyuma ya baa. Nilitaka aitoe spika niiuze. Akaitoa, akaingiza kichwa ndani ya boksi, akakaa humo muda mrefu. Akasema, "Rwose, kweli, boksi iko muzuri sana. Huyu fundi iko wapi?" Kisha akahesabu matundu ya bolti, yako manane na yangu manane, akaniuliza, "Hii ya kwanza ilikuwa ya spika ingine. Iko wapi hiyo spika?" Nikasema sijui. Nikalirudisha boksi nyumbani, nikaweka runinga juu yake. Desemba nikakutumia soksi.

Kila wiki nilijiambia nitakuandikia Jumapili. Sikuwa na sababu nyingine yoyote, Baba Mdogo. Nilikuwa naona aibu, na kila Jumapili iliyopita iliongeza aibu ya inayofuata. Wewe ulinilea tangu baba alipofariki, nami nikakuacha ukae juani ukiamini mikono yako imekwisha.

Wiki iliyopita nilirudi dukani na karatasi yako. Ile spika ilikuwa palepale, rafu ya chini. Silvère akaziba matundu yangu kwa vijiti na gundi, bolti zikaingia zenyewe kwenye nati zako, kama ulivyosema. Tukalaza boksi chali, nikanyunyizia unga wa mahindi. Ukaruka, ukaruka, na tulipofika huko chini ukatulia. Upepo ukatoka kwenye tundu ukapeperusha karatasi zake mezani. Tukalisimamisha, nikapiga yale mapigo matatu. Chupa za baa upande wa pili wa ukuta ziliitika. Silvère aliweka kiganja ubavuni mwa boksi, palepale ulipoweka wewe.

Njoo Kigali. Nitakukatia tiketi ya basi, utakaa kwa Mama. Nitakununulia randa nyingine na patasi, padri nitamwandikia mwenyewe. Nitapiga ule wimbo mbele yako na nitawaambia wote nani alikosea. Arthur nimeshamwambia. Alisema niombe msamaha haraka.

Nisamehe, Baba Mdogo. Hukukosea kitu.

Mwanao,
Mukunde


Kayanga
6 Oktoba 2024

Mukunde,

Barua yako ilifika Agosti hiyohiyo. Nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilikuta naandika maneno ya hasira, nikayachoma. Leo yamekwisha, au yamechoka.

Mwaka mzima nimekaa kanisani nikiitazama ile mimbari. Alipewa fundi wa mjini. Mlango wake haufungi, umeinama upande wa kulia, hata padri anauegemea ili usifunguke. Na mimi kila Jumapili nilijiambia, hata huo ungenishinda. Hilo ndilo lililoniuma katika barua yako. Spika ni kitu cha duka, mtu hukosea. Lakini ulijua tangu Oktoba.

Nilikwenda kwa Munyakazi kutazama randa yangu. Anaitumia vizuri, ameinoa kuliko nilivyokuwa nikiinoa mimi, na sikuweza kumwomba. Usininunulie nyingine. Randa mpya inataka miaka mitatu kuzoea mkono, nami nina sabini na moja.

Ya Kigali pia tuyaache. Sikio la kulia limelifuata la kushoto tangu Machi. Sitausikia wimbo, na sitaki kukaa mbele ya watu wakinitazama kama nasikia. Wala usiwaambie kanisani nani alikosea. Piga tu.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua yako ya Aprili, ile ya "ileile". Nilikuwa nimeiweka kwenye sanduku la patasi pamoja na vipimo, kwa sababu kila kitu nilikikata kwa kuiamini. Munyakazi alinirudishia alipoikuta. Kwangu haina pa kukaa tena. Itunze wewe.

Nimekusamehe. Nilikusamehe kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza, wewe ni mwanangu. Ila msamaha huo usikuponye haraka.

Kigoda cha jirani nimekitengeneza juzi, kwa kisu na jiwe, maana sina kingine. Mguu umeshika.

Jambo moja hukuliandika. Umesema unga ulitulia "huko chini". Huko chini wapi? Ulitulia kwenye uzi wa tano wenyewe ukiwa mtupu, haujabonyezwa, au juu yake kidogo? Mimi nililikata tundu unga utulie kwenye uzi wenyewe. Nenda kautazame tena, uniandikie hilo tu.

Baba yako mdogo,
Benon